Mchungaji Bruno Gutmann wa Kidia (1876–1966)

 

Kijitabu hiki cha harambee hutoka mara moja kwa mwaka, na kwa desturi hutenga kurasa chache za kumkumbuka mtu aliyefanya kazi kwetu ambayo matunda yake bado tunayala. Mwaka huu tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa kwetu, hakuwa na ukoo kwetu, wala hakuzikwa kwetu. Alikuwa Mjerumani, mchungaji wa Kilutheri, aliyehudumu Kidia kwa sehemu kubwa ya umri wake wa kazi. Hata hivyo wazee wetu walimwita Wasahuye, jina la mzee wa asili, yule ambaye watu humtaja wanapohesabu walikotoka. Jina kama hilo halitolewi kwa kumpendeza mgeni.

Tukiri kwamba tulibishana kabla ya kukubaliana. Wapo miongoni mwetu waliouliza kwa nini tumpe Mjerumani kurasa hizi, sisi ambao Mangi wetu Meli alinyongwa na Wajerumani hapa hapa kwetu. Swali hilo ni la haki, na hatutaki kulipita kando. Kwa hiyo tutaanza nalo.

NCHI ALIYOIKUTA

Wote tunajua habari za Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, na jinsi alivyojua kuwapokea na kuwatumia wasafiri waliopanda mlima. Ndiye aliyewakaribisha wamisionari Waingereza mwaka 1885. Rindi alifariki mwaka 1891, na mwanawe Meli akashika kiti. Mwaka 1892 Meli na askari wake waliwapiga Wajerumani, na kamanda wao akafa. Mwaka huo huo misioni ya Waingereza ilifungwa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, na Moshi ikashindwa.

Wamisionari wa Misioni ya Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walianza Machame mwaka 1893, wakaenda Mamba mwaka 1894, na mwaka 1896 wakafungua kituo Kidia. Miaka minne baadaye, tarehe 2 Machi 1900, Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa mlima. Kila mtoto wa Tsuduni anaonyeshwa mahali pale.

Bruno Gutmann alifika Kilimanjaro mwaka 1902. Hebu tufikirie alichokikuta. Watu waliokuja kumsikiliza walikuwa wameshuhudia mangi wao akining'inia miaka miwili tu nyuma. Lugha ya mahubiri yake ilikuwa na lafudhi ya wale waliotoa hukumu. Serikali ilikuwa inakusanya kodi na kudai kazi. Katika hali hiyo mtu mweupe mwenye Biblia angeweza kusikilizwa kwa hofu, na hofu ingetosha kulijaza kanisa. Gutmann hakuridhika na kanisa la namna hiyo, na hapo ndipo habari yake inapoanza kutuhusu.

KIJANA WA DRESDEN

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 katika mji wa Dresden. Wakati ule Ujerumani ilikuwa inabadilika haraka. Viwanda viliongezeka, watu waliacha vijiji vya baba zao na kwenda kupanga vyumba mjini, na jirani aliishi ukutani kwa jirani bila kumjua jina. Nyumbani kwao hakukuwa na utajiri, naye alianza kazi angali kijana. Mwaka 1895 alijiunga na chuo cha Misioni ya Leipzig.

Tunalitaja jambo la mji kwa sababu lilimkaa moyoni maisha yake yote. Alikuwa ameona watu wakikatika kutoka katika udongo wao na ndugu zao, kila mmoja akibaki peke yake na mshahara wake. Alipopanda mlima wetu akakuta watu ambao kila mtu ni mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, jirani wa fulani, rika la fulani, na anayekunywa maji ya mfereji uliochimbwa na watu wa fulani. Wamisionari wengi wa wakati wake waliyaona mambo hayo kuwa ushenzi unaopaswa kuondolewa ili mtu abaki mwenyewe mbele ya Mungu. Gutmann aliona kinyume chake. Aliamini kwamba Mungu ndiye aliyewafungamanisha watu kwa damu, kwa ardhi na kwa umri, na kwamba Injili haikuja kuzikata kamba hizo.

Alifanya kazi sehemu za Machame na Masama kabla ya kuletwa kwetu. Baada ya hapo Kidia ikawa makazi yake, na ukiacha miaka ambayo vita vilimwondoa, alibaki hapo hadi mwaka 1938.

MWANAFUNZI WA WAZEE

Kitu cha kwanza alichofanya ni kujifunza lugha. Alijifunza Kimochi, na hakukitumia sokoni tu. Alikihubiri, akakiandikia, akakitafsiria. Agano Jipya kwa Kimochi, ambalo baadhi yetu tumeliona kwenye makabati ya bibi zetu likiwa na kurasa za manjano, lilichapishwa mwaka 1939 na ni kazi yake.  Sasa bibi asiyetoka nje ya kihamba chake aliweza kulisikia kwa maneno yale yale anayotumia kumwita mjukuu wake.

Kitu cha pili ni kukaa na wazee. Alikaa nao mwaka baada ya mwaka, akiuliza na kuandika. Aliandika jinsi mirathi inavyogawanywa, na kwa nini kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba. Aliandika sheria za mfereji, nani aliyeuchimba, nani anapata zamu ya maji, na nani anayepaswa kufika siku ya kusafisha. Aliandika habari za mahari, za ng'ombe waliowekwa kwa jirani, za sale linalopelekwa kwa mtu uliyemkosea na kwa nini yeye hawezi kulikataa. Kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za Wachaga kilichapishwa mwaka 1926. Hadi leo wanasheria na watafiti wanaotaka kujua desturi za mlima zilivyokuwa hukiendea hicho kwanza.

Kisha akaandika mafundisho ya jando. Vijana wa zamani walifundishwa na wazee kwa nyimbo na kwa mregho, fimbo yenye alama zilizochongwa, kila alama ikiwa na somo lake kuhusu mwili, ndoa, heshima na uhai. Wakati wa Gutmann mafundisho hayo yalikuwa yanafifia, kwa kuwa vijana walikwenda shule na wazee walikuwa wanafariki. Aliyaandika kwa Kimochi na kuyafasiri kwa Kijerumani katika juzuu tatu, zilizotoka kati ya mwaka 1932 na 1938. Mchungaji wa Kikristo alitumia nguvu zake kuokoa mafundisho ambayo wenzake wengi wangependa yasahaulike.

Kwa jumla aliandika zaidi ya vitabu 20 na makala mamia. Katika miaka ya 1920 vyuo vikuu viwili vya Ujerumani vilimpa shahada ya heshima ya udaktari, Erlangen katika theolojia na Würzburg katika sheria. Tukumbuke tu kwamba sheria aliyoheshimiwa kwayo ilikuwa sheria ya mababu zetu. Jina lililo kwenye jalada ni la Gutmann, lakini maneno yaliyomo ndani ni ya wazee wa Old Moshi waliokaa naye na kumwamini. Tunapomshukuru yeye, tunawashukuru na wao, ambao wengi wao hawakuwekwa kwenye jalada lolote.

UKOO, JIRANI NA RIKA

Wako watafiti wengi wanaoandika desturi za watu kisha wakaondoka. Gutmann alikuwa mchungaji, na alichojifunza alikiingiza katika kazi ya kanisa. Hapa ndipo watu wa Kidia walipomwonea fahari.

Usharika wake hakuupanga kwa majina kwenye daftari tu. Aliupanga kwa mitaa, jinsi watu walivyokuwa wanaishi, na kila mtaa ukawa na wazee wake waliojua nani mgonjwa, nani amegombana na mkewe, na paa la mjane gani linavuja. Ugomvi wa mipaka ya kihamba au wa maji haukukimbiziwa kwa mchungaji. Ulianza kwa wazee wa mtaa, kwa kuwa wao ndio waliojua mzizi wake.

Ibada ya Jumapili ilipomalizika watu hawakutawanyika mara moja. Walibaki kwenye majani nje ya kanisa, wakaketi, wakazungumza habari za wiki inayokuja. Kama kuna nyumba ya kujenga, watu walijigawa. Kama kuna mtu aliyelala kitandani na shamba lake halijalimwa, aliitwa jina na wasaidizi wake wakatajwa. Kwa Gutmann majani yale yalikuwa sehemu ya ibada. Aliona kwamba mtu anayeimba vizuri ndani ya kanisa na asiyebeba jiwe la jirani nje hajamaliza kusali.

Vijana waliokuwa wanafundishwa kipaimara aliwafungamanisha kama zamani jando lilivyofungamanisha rika. Waliwekwa katika makundi madogo yaliyoitwa kwa jina la ngao, kama askari wanaosimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja akimkinga mwenzake. Kijana wa ngao moja alikuwa na wajibu kwa mwenzake maisha yote: kumwonya akipotoka, kumsaidia akijenga, kusimama naye akioa, kumlilia akifa. Wengi wetu tunawakumbuka babu waliokuwa na rafiki mmoja wa namna hiyo, ambaye aliingia nyumbani bila kubisha hodi na aliyemkaripia babu mbele ya wajukuu bila babu kujibu. Urafiki wa namna hiyo ulijengwa makusudi, na watu waliulinda.

VITA, NA KANISA BILA MCHUNGAJI

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Moshi. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, Gutmann akiwa mmoja wao. Ikaonekana kana kwamba kazi imekwisha.

Haikwisha. Walimu wetu wenyewe, watu waliosomea darasa dogo na kulipwa kidogo au kutolipwa kabisa, waliendelea kufundisha, kuzika na kusalisha. Wamisionari Walutheri kutoka Marekani walikuja baadaye kusaidia, lakini katika miezi na miaka ya ukiwa walioshika taa ni walimu na wazee wa mitaa. Mtu akiuliza kama mpango wa Gutmann wa kujenga juu ya ukoo, jirani na rika ulikuwa wa kweli au ndoto ya msomi, jibu lilipatikana wakati yeye hayupo. Nyumba iliyojengwa juu ya mtu mmoja huanguka mtu huyo akiondoka, na nyumba ya Kidia ilibaki imesimama.

Alirudi katikati ya miaka ya 1920, Wajerumani waliporuhusiwa tena kuingia Tanganyika, akaendelea pale pale Kidia. Mwaka 1934 kanisa la Kilimanjaro liliwabariki wachungaji wake wa kwanza wazaliwa wa mlima.

MAHALI TULIPOTOFAUTIANA NAYE

Kumkumbuka mtu kwa haki ni kumkumbuka mzima. Gutmann alikuwa na mambo ambayo wazee wetu hawakukubaliana naye, na tunaona walifanya vyema.

Hakukipenda Kiswahili. Alikiona kuwa lugha ya kambi, ya soko na ya serikali, lugha ambayo ingemvuta kijana nje ya ukoo wake. Alihofia pia mji, mshahara na shule iliyomfundisha mtoto kusoma bila kumfundisha ni wa nani. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 na mji mpya wa Moshi ukakua kule chini, huku kwetu pakabaki na jina la Old Moshi, yeye aliona katika mji ule mdogo kivuli cha Dresden yake. Kahawa nayo aliitazama kwa wasiwasi, kwa sababu fedha zake zilimwezesha mtu kuwa na kila kitu bila kumhitaji jirani.

Watu wetu waliamua vingine. Walipanda kahawa. Mwaka 1925, wakulima wa mlima walipoanzisha chama chao cha kwanza cha kulinda kahawa yao dhidi ya walowezi, rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi. Walipeleka watoto shule, wakadai shule zaidi. Walijifunza Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho tukapata nchi moja pamoja na Wasukuma, Wahehe, Wazaramo na wengine wote. Hata kurasa hizi tunaziandika kwa lugha ambayo Gutmann asingeichagua, na tunazisoma Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo, mahali ambapo yeye alihofia tutapotea.

Tena alikuwa mtu wa taifa lake na wakati wake. Alipozungumzia watu wetu, mara nyingine alitaka tubaki kama alivyotukuta, kana kwamba sisi hatukuwa na haki ya kubadilika kama wengine wote duniani. Alitupenda, lakini upendo unaotaka mtu asikue una kasoro yake. Tunasema hivyo bila chuki. Hata baba mzazi hukosea katika hilo.

Na kuhusu Mangi Meli: hakuna kitabu, hata kiwe kizuri namna gani, kinacholipa deni la mti ule. Tunaamini kwamba mambo mawili yanaweza kukaa katika kumbukumbu moja. Wajerumani walituua mangi. Mjerumani mmoja aliketi chini miaka mingi akasikiliza wazee wetu, na akaandika walichosema wakati serikali yake ilikuwa haina haja ya kukijua. Anayetaka tusahau la kwanza kwa sababu ya la pili hatutamsikiliza, wala anayetaka tulifute la pili kwa sababu ya la kwanza.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka 1938, akiwa na miaka 62, Gutmann aliondoka Kidia akarudi Ujerumani. Mwaka uliofuata vita vikuu vya pili vilianza. Aliishi katika kijiji cha Ehingen, kusini mwa nchi yake, akiendelea kuandika habari za watu wa Kilimanjaro. Alijaliwa umri mrefu. Aliishi hadi kuona Tanganyika huru mwaka 1961, na mwaka 1963 kuona makanisa ya Kilutheri nchini yakiungana kuwa kanisa moja, mkuu wake wa kwanza akiwa Askofu Stefano Moshi, mtoto wa Mamba, aliyelelewa na kanisa hilo hilo la mlimani. Kazi waliyoianza wageni ilikuwa imefika mikononi mwa wenyeji.

Alifariki tarehe 17 Desemba 1966 akiwa na miaka 90. Hakuzikwa chini ya migomba yetu. Lakini Kidia bado anatajwa.

KWETU SISI LEO

Sasa tuje kwetu, maana kumbukumbu isiyogusa mkono wa mtu ni hadithi tu.

Jambo ambalo Gutmann aliliogopa limetufikia. Vihamba vimegawanywa hadi havigawanyiki tena. Vijana wameshuka mjini, na nyumba nyingi nzuri tulizojenga zinalala zimefungwa Januari hadi Novemba, zikifunguliwa Desemba tunapopanda kwa Krismasi. Mifereji mingine imekauka kwa sababu wanaopaswa kufika siku ya kusafisha wako mbali. Na watoto wetu, tuseme ukweli, wengi hawajui Kimochi. Wanasalimiwa na bibi yao, nao wanamtazama mama ili awatafsirie. Mafundisho ambayo mgeni kutoka Dresden alijifunza kwa miaka mingi ili ayaandike, mjukuu wa mwenye mafundisho hayawezi kuyasikia hata yakisemwa.

Lakini Gutmann hakuona jambo moja. Hakuona kwamba mtu anaweza kwenda mjini na kubaki mtu wa kwao akitaka. Hakuona kwamba wana wa Old Moshi watakutana Dar es Salaam Jumapili jioni, wataulizana ukoo, watachangishana kwa msiba, watamsomesha mtoto wa jirani waliyemwacha mlimani, na wataunda chama kama hiki. Majani ya nje ya kanisa, pale watu walipoketi na kugawana kazi, yamehamia kwenye kumbi za mikutano yetu na kwenye simu zetu. Chama hiki ndicho ngao yetu. Kikifa, basi hofu yake itakuwa kweli, na haitakuwa kosa la reli wala la kahawa wala la Kiswahili. Litakuwa kosa letu.

Ndiyo maana fedha za harambee ya mwaka huu tumeziombea mambo mawili. La kwanza ni ukarabati wa mfereji: kuziba mahali maji yanapopotea, kutengeneza kingo zilizobomoka, na kurudisha zamu kwa kila kaya, iwe tajiri au maskini. Tunawaomba mlioko mbali mchangie fedha, na mlioko nyumbani mchangie mikono, kama sheria ya mfereji ilivyotaka tangu mwanzo. Aliyeko mbali anaweza pia kumlipa kijana wa nyumbani amwakilishe siku ya kazi, ili jina la kaya yake lisikosekane linapoitwa.

La pili ni kuwarekodi wazee wetu. Wapo kina babu na kina bibi wenye umri mkubwa wanaojua nyimbo, majina ya koo, mipaka, methali na habari za mitaa yetu. Tunataka vijana wetu waketi nao wakiwa na simu na daftari, wawaulize, waandike, kisha tuchapishe kwa Kimochi na Kiswahili, shule zetu zipate nakala. Gutmann alifanya kazi hiyo kwa kalamu na kibatari, akiwa mgeni, kwa lugha ambayo ilibidi ajifunze ukubwani. Sisi tuna mama zetu. Hatutahitaji kujifunza lafudhi, tutahitaji kufika tu.

Tunajua kila mmoja ana mzigo wake: ada za shule, kodi ya nyumba, wagonjwa. Hatupangi kiwango. Tunaomba kila kaya itoe inachoweza, na majina ya waliotoa yatasomwa kwa mtaa wao, sio kwa ukubwa wa fedha, ili kila mtaa ujione umefika. Watunza hazina wa mitaa watapokea michango hadi Desemba, na hesabu itasomwa hadharani kwenye mkutano wa nyumbani baada ya Krismasi, mbele ya wote, pale pale juani.

Njooni na watoto. Waonyesheni Tsuduni, mwaeleze Mangi Meli alikuwa nani na alikufaje. Kisha wapandisheni Kidia, mwaonyeshe kanisa, mwaeleze pia habari za yule mchungaji wa kigeni aliyewapenda watu wetu, akakosea baadhi ya mambo, na akatutunzia maneno ya wazee hadi tutakapoamka kuyachukua. Halafu wapelekeni kwa bibi, waketi kwenye kigoda, na mtu yeyote asiwatafsirie. Waacheni waulize wenyewe, na bibi awajibu kwa Kimochi, polepole, hadi waelewe.

Mungu awabariki wote. Tuonane nyumbani.